Seva ya Kuchangia na Mdudu Anayeingia kwa Jirani

Wateja wangu wengi hapa Tanga ni wenye nyumba za wageni za Raskazone, shule binafsi, na waongoza watalii wanaopeleka wageni Amboni na Pangani, na tovuti zao karibu zote zimo katika seva ya kuchangia, yaani kompyuta moja inayobeba tovuti za watu wengi. Lalamiko ninalolipokea mara kwa mara ni kwamba barua pepe za kuthibitisha nafasi hazimfikii mgeni. Nikikagua, nakuta barua pepe haina tatizo lolote. Tovuti ya jirani, ambayo mwenyewe alishaisahau, imeingiliwa na inatuma barua taka usiku kucha, hata anwani ya IP (namba ya utambulisho mtandaoni) ya seva nzima ikaingizwa katika orodha ya Spamhaus, shirika linaloorodhesha watumaji wa barua taka, na asiye na hatia akazuiwa pamoja na mwenye kosa.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaodhani ulinzi wa seva huishia kwenye SSH, njia ya msimamizi kuingia kwenye seva akiwa mbali. Hapo kazi ni fupi: zima kuingia kwa nenosiri, tumia funguo za kidijitali, na programu ya Fail2ban iwafungie wanaobahatisha. Wadukuzi ninaokutana nao huingia kupitia programu-jalizi (nyongeza) iliyopitwa na wakati ya WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, au kiolezo cha kulipia cha muonekano wa tovuti ambacho mtu amekipakua bure kikiwa tayari kimetiwa sumu. Kuchelewa kusasisha nako ni hatari kuliko wengi wanavyofikiri. Tarehe 15 Oktoba 2014 Drupal, mfumo mwingine wa kutengenezea tovuti, walitangaza kasoro kubwa ya usalama pamoja na tiba yake, na wiki mbili baadaye wakaonya kwamba tovuti yoyote ambayo haikutibiwa ndani ya saa 7 ihesabiwe kuwa imeshaingiliwa.

Mdudu mwenyewe, yaani msimbo hasidi anaouacha mdukuzi, ni mjanja. Mwenye tovuti akiandika anwani yake moja kwa moja huona ukurasa safi, ilhali mgeni anayetokea Google hupelekwa kwenye kamari au dawa za magendo, ndiyo maana mwenye mali huwa wa mwisho kujua. Mimi huanzia kwenye folda ya uploads, ambayo kwa kawaida hukaa picha na nyaraka tu. Nikikuta humo faili la PHP (lugha ya programu inayoendesha tovuti hizi) lenye jina kama la picha, na ndani yake amri za eval na base64_decode, zinazofumbua na kuendesha msimbo uliofichwa, zikifuatiwa na herufi zisizosomeka, sina haja ya kuuliza zaidi. Kulifuta pekee hakutoshi. Hukagua pia kroni, ratiba ya kazi ambazo seva huzifanya yenyewe, kwa sababu mara nyingi huachwa amri ya kulipakua upya kila baada ya dakika chache, na watumiaji wa ngazi ya msimamizi ambao hakuna anayewatambua.

Lililo muhimu kuliko yote ni kuwatenganisha wapangaji, yaani wenye tovuti wanaochangia seva. Kila akaunti iendeshe PHP kwa mtumiaji wake, folda ziwe na ruhusa 755 na mafaili 644 (mwenyewe tu ndiye anayeweza kuandika humo), faili lenye nenosiri la hifadhidata lisomwe na mwenyewe tu, na PHP izuiwe kabisa ndani ya uploads. Yule fundi anayeweka 777 ili "tovuti ifanye kazi" amempa kila mtumiaji wa mashine ile ruhusa ya kuandika humo. (Nawakuta kila mwezi, na bado wanalipwa.)

Nakala za akiba zikae nje ya seva, tena kwa akaunti ambayo seva haiwezi kuifuta, na zihifadhiwe za wiki kadhaa, kwa kuwa nakala ya jana huenda imembeba mdudu yuleyule.