Kwa nini Meja anampita Luteni, lakini Luteni Jenerali anampita Meja Jenerali?

Saluni moja ya kunyolea karibu na soko la Kilombero, hapa Arusha, ina televisheni juu ya kioo, na siku hiyo ilikuwa inaonyesha sherehe za kamisheni, yaani kutunukiwa uofisa, kwenye chuo cha kijeshi kule Monduli. Maafisa wanafunzi wamenyooka kwenye gwaride, bendi inapiga, mtangazaji anataja wakubwa kwa vyeo vyao. Kijana aliyekuwa kitini, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, akadakia: mbona Luteni Jenerali ametajwa kabla ya Meja Jenerali? Si Meja ni mkubwa kwa Luteni?

Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake, ambaye zamani aliwahi kuvaa magwanda, akacheka. "Chalii yangu, wametaja sawasawa." Wakawekeana dau la soda.

Kijana alikuwa na hoja. Ukipanda ngazi ya maafisa wa JWTZ, jeshi letu la Tanzania, unaanza na Luteni Usu, cheo wanachotoka nacho Monduli wakishatunukiwa kamisheni, kisha Luteni, Kapteni, Meja, Luteni Kanali, Kanali. Hapo Meja amemwacha Luteni mbali. Endelea juu sasa: Brigedia Jenerali, Meja Jenerali, Luteni Jenerali, Jenerali. Mambo yamegeuka. Wala si kosa letu, maana Waingereza, ambao majina haya tuliyapokea kwao, wanayapanga hivyo hivyo.

Ufunguo uko kwenye neno luteni. Limetokana na maneno mawili ya Kifaransa, "lieu", yaani mahali, na "tenant", yaani mwenye kushika. Luteni ni mshika nafasi ya mtu mwingine. Mwenyewe akiwepo, yeye ni msaidizi. Mwenyewe akiondoka au akianguka vitani, anashika usukani.

Sisi Waswahili jambo hilo tunalo mdomoni kila siku. Waarabu wana msemo "qaim maqam", anayesimama mahali pa mwenziwe. Upande wa kwanza tunao kwenye kaimu, kama Kaimu Mkurugenzi anayesaini barua zako halmashauri; upande wa pili tunao kwenye makamu, kama Makamu wa Rais. Waturuki wa dola ya Osmani waliuchukua msemo wote mzima, na katika jeshi lao "kaymakam" kilikuwa ndicho cheo cha luteni kanali. Kwa hiyo ukisikia luteni, weka makamu kichwani, na nusu ya fumbo imeshafumbuka: Luteni Kanali ni makamu wa kanali, Luteni Jenerali ni makamu wa jenerali. Makamu wa jenerali atakosaje kuwa wa pili?

Imebaki meja, na hapa ndipo penye utamu. Kwa Kilatini neno hilo maana yake ni mkubwa zaidi. Mkubwa zaidi ya nani? Ya sajini. Katika majeshi ya Ulaya ya zamani kulikuwa na ofisa aliyeitwa sajini meja, sajini mkubwa, mwenye kazi ya kupanga askari kwenye mistari na kuhakikisha amri ya mkubwa imetekelezwa. Sajini lenyewe linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya mtumishi. Kila kundi la askari basi lilikuwa na watu watatu wa kuangaliwa: kichwa, makamu wake, na mtumishi mkuu wa kuendesha shughuli.

Sasa panga safu hiyo mara tatu. Kwenye kombania, yaani kundi dogo la askari ndani ya kikosi: kapteni (neno la Kilatini la kichwa), luteni, sajini. Kwenye kikosi: kanali, luteni kanali, sajini meja. Kwenye jeshi zima: kapteni jenerali, luteni jenerali, sajini meja jenerali. Hilo jenerali halikuwa cheo peke yake, lilikuwa sifa tu, likimaanisha "wa jumla", wa jeshi lote.

Katika jeshi jipya ambalo Bunge la Uingereza liliunda mwaka 1645 kupigana na mfalme, mambo yalikuwa hivyo hivyo. Thomas Fairfax alikuwa Kapteni Jenerali, Oliver Cromwell akawa Luteni Jenerali wa wapanda farasi, na Philip Skippon akawa Sajini Meja Jenerali wa askari wa miguu. Cheo kirefu namna hiyo nani atakitamka huku risasi zinalia? Watu wakakata. Kapteni jenerali akabaki jenerali. Sajini meja wa kikosi, akiwa ofisa, akabaki meja. Na sajini meja jenerali akadondosha usajini wake, akawa meja jenerali.

Angalia tena safu zile tatu. Ndani ya kila moja, luteni yuko juu ya sajini au meja, bila kubadilika. Tunajichanganya pale tunapomchukua luteni wa kombania, safu ya chini, tukamlinganisha na meja wa kikosi, safu ya kati. Ni kama kumlinganisha makamu mwenyekiti wa kijiji na katibu wa mkoa, halafu ukashangaa katibu amempita makamu.

Siku hizi luteni si lazima awe makamu wa mtu yeyote. Luteni Alexander Nyirenda ndiye aliyepeleka Mwenge wa Uhuru na bendera kwenye kilele cha Kilimanjaro usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, na kwa baridi ya kule, mita 5,895 juu ya bahari, sidhani kama kuna aliyetamani kumshikia nafasi.

Kuna kitu kimoja kinanichekesha. Waingereza huandika neno hili bila f ila wakilitamka f inasikika kabisa, "leftenanti". Wamarekani hawaitamki. Sisi tulitawaliwa na Mwingereza, lakini luteni yetu haina hata harufu ya f.

Na brigedia? Kijana aliuliza hilo hilo, akitafuta pa kujinusurisha. Brigedia hayumo kwenye zile safu tatu. Jina lake linatokana na brigedi anayoiongoza, na kila jeshi limemweka panapolifaa. Kwetu ni Brigedia Jenerali, mmoja wa majenerali. Ukivuka Namanga ukaingia Kenya anaitwa Brigedia tu, kama anavyoitwa Uingereza, ambako hahesabiwi kuwa jenerali.

Mzee hakutaja Cromwell wala Kilatini. Hayo niliyachimba mwenyewe baadaye. Yeye alimwambia kijana maneno machache tu: "Luteni wa kombania usimpime na meja wa kikosi. Jenerali akisafiri, ofisi anamwachia nani? Basi huyo ndiye Luteni Jenerali."

Kijana akaguna, akamtuma dogo wa saluni dukani. Mzee akaomba soda ya tangawizi, tena ya baridi, na wakati inafika televisheni ilikuwa imeshahamia kwenye mpira.