Je, wajua? Mrija wa mahindi si mahindi

Kuna mirija ya kunywea inayouzwa kwa maneno "imetengenezwa kwa mahindi, inaoza". Je, ina maana haina kemikali?

Mimi niliamini hivyo kwa miaka. Niliutafuna ncha nikisubiri juisi, nikijiambia ni sawa na kula bisi. Nilichanganya mambo mawili: kitu kimetoka wapi, na sasa kimekuwa nini. Gongo nayo huweza kutoka kwenye mahindi, lakini hakuna anayeiita uji. Na neno "inaoza" linaeleza kitakachoupata mrija ukishatupwa. Halisemi lolote kuhusu kinachoingia kwenye glasi yako kabla ya hapo.

Wanga wa mahindi hugeuzwa sukari, bakteria wakaichachua iwe asidi ya laktiki, ileile inayoupa mtindi ukali wake, kisha molekuli zake zikaungwa kuwa minyororo mirefu. Hiyo ndiyo plastiki iitwayo PLA. Yenyewe haina makuu. Jamaa zake wa karibu hutumika hata kwenye nyuzi za kushonea vidonda zinazoyeyukia mwilini.

Shida ni kwamba PLA tupu hukatika kama kijiti kikavu. Kwa hiyo kiwandani huongezwa vilainishi, rangi na vinginevyo, na vingi kati ya hivyo havifungwi kwenye mnyororo, vimekaa tu katikati yake. Fikiria chapati iliyofungwa kwenye gazeti. Unga haubanduki, lakini mafuta hutoka na kuacha doa. Chapati ikiwa ya moto, doa hukua haraka. Ikikaa hadi jioni, gazeti lote hulowa. Viongezwa vya plastiki navyo hufuata mkondo huo: joto, muda, na kinywaji chenye mafuta au pombe huvivuta nje.

Mwaka 2020 watafiti wa Frankfurt, Ujerumani, walipima bidhaa 43 za plastiki za mimea au zinazooza. Kemikali zilizotolewa kwenye asilimia 67 ya bidhaa hizo zilidhuru seli maabarani. Ila walizitoa kwa methanoli, kiyeyusho kikali cha maabara, na methanoli si juisi ya miwa, wala seli kwenye kisahani si mtu mzima.

Mrija wa karatasi nao si kimbilio. Utafiti wa Ubelgiji wa 2023 ulikuta PFAS, zile "kemikali za milele" zisizovunjika kwa urahisi, katika aina 18 kati ya 20 za mirija ya karatasi, japo kwa viwango vidogo. Ya chuma cha pua, aina tano: hakuna hata moja.

Kinachonichekesha zaidi ni joto. PLA hulegea kwenye nyuzi 55 hadi 60 hivi za Selsiasi, na mitambo ya mboji huhitaji joto la kiasi hichohicho ili iioze. Baharini halipatikani. Kwenye kikombe cha chai ya maziwa linapatikana tele: mrija wangu wa mahindi ulijikunja kabla sijafika nusu, na chai nikaimalizia mdomoni mwa kikombe.