Maharage Yawe Mengi, Mchuzi Uwe Kidogo: Kulisha Familia Vizuri Siku Zisizo na Nyama

Katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, watoto wakishapimwa urefu na uzito, huwa tunakaa na wazazi na walezi kuulizana jana nyumbani kulipikwa nini. Mara nyingi jibu huja kwa aibu kidogo: ugali na maharage, maana hela ya nyama haikuwepo. Kama afisa lishe, aibu hiyo siioni ina sababu. Wasiwasi wangu huanza ninapouliza mtoto alipakuliwa vipi. Bonge la ugali, juu yake mchuzi mwekundu, na punje za maharage zenyewe tatu au nne. Zilizobaki zilikwenda kwa wakubwa, au hazikuwa nyingi tangu zilipowekwa jikoni. Mchuzi ule ni maji, chumvi, nyanya na mafuta kidogo. Sehemu kubwa ya protini na madini ya chuma ilibaki ndani ya punje ambazo mtoto hakuzipata.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Miongoni mwa mikoa iliyo juu kabisa ni Iringa, Njombe na Rukwa, na hiyo ni mikoa inayolisha wengine mahindi na maharage. Udumavu una sababu nyingi, yakiwemo maradhi na maji yasiyo salama, lakini namna tunavyopika na kupakua chakula kilichomo ndani ya nyumba imo pia, na hiyo tunaweza kuibadilisha leo jioni.

Ninachosisitiza ni hiki: familia inaweza kula vizuri siku nyingi za wiki bila nyama na kwa gharama ndogo, mradi mazao jamii ya kunde, kama maharage, choroko na mbaazi, yapikwe kwa wingi na yapakuliwe kama kitoweo kamili.

Tuanze na hesabu. Nusu kilo ya maharage makavu ina takriban gramu 110 za protini. Nusu kilo ya nyama mbichi ya ng'ombe isiyo na mfupa ina takriban gramu 100, na ile yenye mifupa ina pungufu ya hapo. Katika masoko yetu mengi, bei ya kilo moja ya nyama hununua kilo tatu za maharage, pengine zaidi. Ni kweli kwamba mwili huitumia protini ya nyama kwa urahisi zaidi. Protini hujengwa na viini vidogo viitwavyo asidi amino, na maharage yana uhaba wa kimoja, methionini, wakati mahindi na mchele vina uhaba wa kingine, laisini. Ukila nafaka na kunde ndani ya siku moja, upungufu wa huyu hufidiwa na mwenzake. Ndiyo maana makande ya Upareni, githeri ya majirani zetu Kenya, na wali kwa mbaazi za nazi wa Pwani ni milo ambayo mtaalamu wa lishe hana sababu ya kuibeza. Akijaliwa, aombe na yeye apakuliwe.

Nusu kilo hiyo ikiiva huwa zaidi ya kilo moja, na hutosha familia ya watu sita. Mtoto wa miaka mitatu apate angalau nusu kikombe cha chai cha punje zenyewe, si mchuzi. Ugali wake upungue kidogo ili maharage yapate nafasi tumboni, kwa sababu tumbo la mtoto ni dogo na ugali hulijaza haraka.

Mkaa ndio unaowakatisha tamaa wengi

Kina mama huniambia ukweli: maharage ni rahisi kununua, lakini yanamaliza mkaa. Hoja hii ni nzito, na kumwambia mtu "kula maharage" bila kumwonyesha namna ya kuyaivisha kwa moto mdogo ni kumpa nusu ya msaada.

Yachambue, yaoshe, kisha yaloweke usiku kucha, kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili, kwenye maji yanayozidi maharage mara tatu. Asubuhi mwaga maji hayo. Nasisitiza kuyamwaga, kwa sababu yamebeba sehemu ya sukari zinazojaza tumbo gesi, na kuloweka hupunguza pia faitati, kemikali inayozuia mwili usifyonze madini ya chuma na zinki. Suuza, weka maji mapya, bandika. Yakianza kutokota, yaache yatokote kwa nguvu dakika kumi bila kupunguza moto. Maharage, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili inayoharibiwa na moto mkali, na mtu akila yaliyopikwa kwa moto hafifu yasiive hupatwa na kutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Baada ya hapo punguza moto, funika, yaive taratibu. Yaliyolowekwa hivi huwahi kuiva kuliko yale yaliyotoka kwenye mfuko moja kwa moja.

Kuna njia nyingine ambayo napenda kuifundisha kwa sababu haihitaji kununua chochote. Yakishatokota na kuanza kulainika, epua sufuria ikiwa na mfuniko wake, iweke ndani ya kikapu au ndoo iliyotandikwa blanketi au nguo nzito, funika vizuri juu na pembeni, acha saa tatu au nne. Joto lililomo ndani huendelea kuivisha bila mkaa wowote. Ukirudi kutoka shambani au sokoni, rudisha jikoni yatokote tena kisha unga. Wenye uwezo wa sufuria ya presha, iwe ya umeme au ya kawaida, watapata nafuu kubwa zaidi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na mimi natamani maharage yatajwe waziwazi katika mafunzo yake, maana ni miongoni mwa vyakula vinavyokula kuni na mkaa zaidi.

Nyanya, ndimu na ukwaju visitangulie. Asidi iliyomo hukaza ngozi ya punje na maharage hugoma kulainika hata ukichochea moto mchana kutwa. Maharage ya zamani, yaliyokaa ghalani kwenye joto na unyevu, nayo huwa magumu, kwa hiyo muulize muuzaji ni ya msimu gani. Magadi hulainisha haraka, hilo halina ubishi, lakini huharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu, jambo baya kwa wenye shinikizo la damu. Aliyeloweka hahitaji magadi.

Kuunga

Hapa ndipo ule mchuzi unapogeuzwa kuwa chakula. Kwa nusu kilo ya maharage yaliyoiva, kaanga vitunguu maji viwili kwa vijiko vitatu vya chakula vya mafuta hadi vianze kubadilika rangi. Weka kitunguu swaumu kilichotwangwa, binzari ya manjano kidogo, karoti mbili zilizokwaruzwa, halafu nyanya nne zilizokatwakatwa. Funika ziive mpaka mafuta yaonekane pembeni. Sasa chota upawa mmoja au miwili ya maharage, yaponde kwa mwiko ndani ya rojo hilo hadi yawe uji mzito, kisha mimina yaliyobaki na maji yake kiasi tu cha kuyafikia. Yachemke dakika kumi na tano. Mchuzi utakuwa mzito, wenye kushikamana na tonge, na hata mtoto anayepewa mchuzi mwingi atakuwa amekula maharage.

Nazi ikiwa ghali, karanga hufanya kazi nzuri kabisa. Changanya vijiko vitatu vya karanga za kusaga na maji ya uvuguvugu, mimina, koroga ili zisishike chini. Karanga huongeza protini na mafuta kwa mpigo. Ila chagua. Zilizokunjamana, zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zenye uchungu zitupwe, wala zisipewe kuku. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haionekani kwa macho na haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yaliyoathirika. Karanga hushambuliwa na ukungu huohuo. Nunua zilizokauka vizuri, saga kidogokidogo, hifadhi pakavu.

Bila friji, usipike ya siku tatu. Pika ya mchana na usiku, na kabla ya kula jioni yachemshe tena hadi yatokote, si kupasha tu.

Maharage ya kila siku huchosha, na watoto watasema. Choroko huiva upesi kuliko maharage, na zikipondwa nusu na kuungwa kwa nyanya huliwa vizuri na chapati. Dengu zilizokobolewa huiva upesi zaidi. Kunde, njugu mawe na fiwi zipo kwa msimu. Mbaazi zastahili neno la ziada. India ilipoweka ukomo wa mbaazi inazoagiza mwaka 2017, bei ilianguka na wakulima wetu wa kusini wakabaki na magunia. Iliniuma kuona zao lenye protini kiasi kile likiitwa la biashara tu, wakati watoto wa vijiji hivyohivyo walikuwa wanalihitaji. Mbaazi mbichi zilizochemshwa na chumvi, au kavu zilizoungwa kwa tui, ni mlo wa nyumbani kabla ya kuwa bidhaa ya meli.

Mboga za majani, limau na chai

Mchicha, matembele, majani ya maboga na majani ya kunde vina madini ya chuma na kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Osha kwanza, kata baadaye. Ukikata ndipo uoshe, vitamini huondoka na maji. Weka maji kidogo sana au usiweke kabisa, funika, dakika tano hadi saba zatosha kwa majani laini, na tia mafuta kidogo kwa sababu mwili hufyonza kirutubisho hicho vizuri zaidi pakiwa na mafuta. Kuchemsha mchicha na kumwaga maji yake ni hasara tupu.

Kisamvu kina sheria yake. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, kwa hiyo yatwangwe hadi yalainike kabisa, yachemshwe muda mrefu sufuria ikiwa wazi ili sumu itoke na mvuke. Baada ya hapo weka karanga au tui, na kunde ukipenda.

Madini ya chuma ya mimea hufyonzwa kwa shida kuliko ya nyama. Vitamini C huyasaidia sana. Kamulia ndimu au limau kwenye mboga ikishaepuliwa, au mpe kila mtu kipande cha papai, chungwa, pera au embe pamoja na mlo. Chai na kahawa hufanya kinyume chake, huzuia. Katika nyumba nyingi chai ya rangi hufuata papo hapo baada ya kula, na mama mjamzito mwenye upungufu wa damu anaimeza pamoja na maharage yake. Isubiri saa moja au zaidi.

Ambao mimea peke yake haiwatoshi

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani kwamba kila mmoja nyumbani aweza kuishi kwa kunde na mboga pekee. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea ya kawaida tunayopika. Hupatikana kwenye mayai, maziwa, samaki na nyama. Familia isiyonunua nyama ijitahidi kupata yai, maziwa au mtindi, na kwa wasiokatazwa samaki, dagaa, mara kadhaa kwa wiki. Wa kupewa kwanza ni mtoto wa miezi 6 hadi 23, kisha mama mjamzito na anayenyonyesha. Yai likiwa moja, ni la mtoto. Mama mjamzito aendelee kumeza vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki anavyopewa kliniki, hata kama mboga za majani ziko kila siku mezani.

Mtoto akitimiza miezi sita, huku akiendelea kunyonya, chota maharage yaliyoiva sana kabla hujaweka chumvi na viungo, yaponde, yapitishe kwenye chujio ili maganda yabaki, changanya na viazi lishe vilivyopondwa au ugali laini, ongeza kijiko cha chai cha mafuta. Mchanganyiko uwe mzito kiasi cha kubaki juu ya kijiko ukikiinamisha. Karanga mpe zikiwa zimesagwa laini ndani ya chakula. Karanga nzima asipewe kabla ya miaka mitano, humpalia. Na akitokwa na vipele, akivimba midomo au akitapika baada ya kula chakula kipya, kiache na umpeleke kituo cha afya mara moja.