Kabla Hujaleta Sampuli ya Vishada Nano vya Dhahabu

Maabara yetu imekuwa ikipokea chupa za kimiminika chekundu zenye lebo ya "vishada nano vya dhahabu" (makundi madogo mno ya atomu chache za dhahabu), na kila mara tunalazimika kueleza kwamba wekundu huo unathibitisha kinyume chake. Mmumunyo unaofyonza mwanga karibu na nanomita 520 una chembe kubwa zaidi; kishada cha atomu 25 za dhahabu na molekuli 18 za glutathioni (molekuli ndogo yenye salfa) huwa na rangi ya hudhurungi, na kilele chake cha ufyonzaji mwanga huonekana karibu na nanomita 670.

Kinachokiwezesha kishada hicho kukaa majini ni vazi lake la glutathioni. Atomu 13 hufanya kiini, na 12 zilizobaki hushikana na salfa katika pingu sita zinazokizunguka. Upande wa nje, vikundi vya kaboksili (sehemu za asidi za glutathioni) hubeba chaji hasi, hivyo vishada husukumana badala ya kugandamana. Ukitia asidi ya kutosha, chaji hiyo hupotea na vishada hutuama chini. Tafadhali msiilaumu dhahabu kwa jambo hilo.

Utaratibu wa kuvitengeneza ufuatwe bila kuruka hatua. Asidi ya kloroauriki, kemikali ya njano yenye dhahabu, ichanganywe na glutathioni mpaka unjano ufifie kabisa, chombo kipozwe kwa barafu, kisha borohidridi ya sodiamu (kemikali inayoipa dhahabu elektroni) iliyoyeyushwa papo hapo kwenye maji baridi iongezwe huku mmumunyo ukikorogwa kwa nguvu. Chombo kisizibwe, kwa sababu hutoka gesi ya hidrojeni, nayo huwaka. Zao la hatua hii ni mchanganyiko wa vishada vya ukubwa mbalimbali. Ukiupasha kwa nyuzi joto 55 pamoja na glutathioni ya ziada, vile dhaifu humomonyolewa na glutathioni hiyo, kisha kishada cha atomu 25 hubaki, na uteuzi huo ndio kipimo cha uthabiti tunachokiamini kuliko maelezo yoyote ya lebo.

Kwa walioko Tanzania, anayeingiza, kuhifadhi au kuuza kemikali hizi anapaswa kusajiliwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya mwaka 2003 ya kemikali za viwandani na majumbani, na kutokujua sheria hakumwondolei mtu kosa.

Sampuli iletwe ikiwa kavu, baridi na gizani, pamoja na maandishi yanayotaja ligandi (molekuli za vazi la kishada) iliyotumika, pH ya mmumunyo kabla ya kukaushwa na tarehe ya kutengenezwa.