Je, wajua kwa nini wanawake wa Barabara ya Koinange, Nairobi, hukamatwa kwa kusimama, wala si kwa kuuza?

Muulize mtu yeyote Nairobi kama ukahaba ni kosa la jinai, atakujibu ndiyo bila kusita. Sasa fungua Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63 ya Sheria za Kenya, ukitafute kifungu kinachosema kwamba mtu mzima akipokea pesa ili alale na mtu mzima mwenzake amevunja sheria. Hukipati. Kifungu cha 153 kinamwandama mwanamume anayeishi kwa mapato ya ukahaba. Cha 154 kinamwandama mwanamke anayekula jasho la kahaba mwenzake, na cha 156 mwenye danguro, pamoja na mwenye nyumba aliyeikodisha akijua inatumiwaje. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 nayo inawaandama wanaowatumikisha wengine, na inazidi kuwa kali mtoto anapohusika. Mtu mzima anayejiuza mwenyewe hana kifungu chake humo.

Mbona basi gari la kanjo, yaani askari wa kaunti, huondoka Koinange limejaa wanawake?

Jibu liko kwenye sheria ndogo za kero, zilizotungwa na Baraza la Jiji la Nairobi mwaka 2007. Zinasema anayezurura au kushawishi watu barabarani kwa ajili ya ukahaba ana hatia. Ziko pamoja na makosa ya kutema mate njiani na kupenga kamasi ovyo bila kitambaa. Katiba ya 2010 haikubadilisha mpangilio huo: Jedwali la Nne linazipa kaunti jukumu la kudhibiti kero za umma, kwenye mstari mmoja na moshi, kelele na mabango ya matangazo. Kwa hiyo mwanamke aliyesimama Koinange saa nne usiku anashughulikiwa kisheria kama kitu kinachochafua barabara. Alichouza, na aliyemuuzia, havimo katika hesabu.

Na ukamataji wenyewe huwa hivi. Gari la kaunti likijitokeza upande wa Kenyatta Avenue, viatu vya visigino virefu vinavuliwa, vinashikwa mkononi, mbio zinaanza. Anayeshikwa ni aliyechelewa kuvua viatu. Askari hajaona biashara yoyote ikifanyika. Alichonacho ni saa, mahali, urefu wa sketi, na mara nyingine kondomu alizozitoa kwenye mkoba. Mteja aliyekuwa akizungumza naye dirishani ameshaondoa gari lake. Hapo kuna njia mbili: kitu kidogo papo hapo, au kulala ndani hadi afikishwe kortini, jambo ambalo Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka lifanyike ndani ya saa 24. Wengi wakifika mbele ya hakimu hukiri kosa, hata pale ambapo kesi ingeanguka kwa kukosa ushahidi. Faini inalipwa siku hiyohiyo. Kukana maana yake ni kutafuta dhamana na wakili, na kurudi kortini mara kwa mara, huku watoto wameachwa kwa jirani tangu jana jioni.

Suala la kondomu linaniuma kuliko yote. Tangu 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, wamefuatilia afya ya wanawake wanaofanya kazi hii Majengo, Pumwani. Waligundua kwamba baadhi yao hawakuambukizwa virusi vya ukimwi ingawa walikutana navyo miaka nenda miaka rudi, na ugunduzi huo ukachochea utafiti wa chanjo duniani kote. Damu yao tuliipokea kwa shukrani. Kondomu, ambayo serikali yenyewe huigawa bure, tunaifanya kielelezo cha hatia. Mwanamke akijua hivyo atatoka nyumbani bila kondomu, na hapo sheria itakuwa imemdhuru yeye, mteja wake, na mke wa mteja aliyelala nyumbani hana habari.

Maneno haya ya sheria hayakuzaliwa hapa. Kanuni ya Adhabu ililetwa na Waingereza mwaka 1930, na kosa la mwanamume kuishi kwa mapato ya ukahaba limefuata karibu neno kwa neno sheria yao ya uzururaji ya 1898. Wakoloni hawakuwa na haja ya kuikomesha biashara yenyewe. Waliwaleta wanaume mjini wafanye kazi bila wake zao, na wanawake wa Pumwani wakawauzia pamoja na ngono chai, chakula, maji ya kuoga na mahali pa kulala. Walichotaka watawala ni mitaa yao ionekane safi.

Tena hebu tazama kifungu cha 153 kinavyofanya kazi leo. Kinasema kuishi kwa mapato hayo, yote au sehemu yake, huku ukijua. Kijana wa miaka 20 anayelipiwa karo ya chuo na mama yake anaweza kuingia humo. Wanawake wawili wakikodi nyumba pamoja ili mmoja amlinde mwenzake dhidi ya mteja mkorofi, nyumba hiyo inaweza kuitwa danguro. Sheria iliyokusudiwa kumshika kuwadi inamlazimisha mwanamke afanye kazi peke yake, gizani.

Nchi nyingine zimejaribu njia mbalimbali. Uswidi, tangu 1999, humwadhibu mnunuzi na kumwacha muuzaji. Nia yake naielewa, na walioifuata ni wengi, ikiwemo Ufaransa mwaka 2016. Lakini Nairobi, askari akipewa mamlaka ya kumkamata mteja, amepewa mfuko wa pili wa kuchovya mkono, na mwanamke atalazimika kumfuata mteja huyo kwenye uchochoro wenye giza zaidi. Senegali imehalalisha kwa kusajili na kutoa kadi ya afya. Wengi hawajisajili kwa kuogopa fedheha, na wasiosajiliwa wanabaki nje ya sheria.

New Zealand iliondoa makosa hayo mwaka 2003, kwa kura 60 dhidi ya 59 bungeni. Kutumia mtu aliye chini ya miaka 18 ni kosa, na kumlazimisha mtu ni kosa. Mwaka 2014 mwanamke mmoja alimshtaki mwenye danguro kwa kumsumbua kingono akiwa kazini, akashinda, akalipwa fidia ya dola 25,000 za huko. Hebu fikiria mwanamke wa River Road akiingia kituoni leo na malalamiko kama hayo. Swali la kwanza litakuwa alikuwa anafanya nini huko usiku.

Najua wengi watasema, kwa imani zao, kwamba kufuta kosa ni kubariki dhambi. Imani hiyo naiheshimu. Lakini uzinzi nao ni dhambi makanisani na misikitini mwetu, na hakuna anayefungwa Kenya kwa uzinzi. Tumewaachia wachungaji, masheikh na familia. Upande wa afya, watafiti waliochapisha hesabu zao mwaka 2014, wakitumia Mombasa kuwa mojawapo ya miji mitatu ya mfano, walikadiria kwamba kuondoa adhabu kungezuia asilimia 33 hadi 46 ya maambukizi mapya ya virusi vya ukimwi miongoni mwa wanaofanya kazi hii na wateja wao kwa muda wa miaka kumi.

Mahakamani njia imekuwa ngumu. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilikataa ombi la kufuta sheria ndogo ya aina hii ya mji huo. Lakini Desemba 2020 Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinazomwadhibu mtu kwa hali yake zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Kwa Nairobi, hatua ya kwanza haihitaji Bunge la Taifa wala kura ya maoni. Bunge la Kaunti, pale City Hall, lina uwezo wa kuuondoa mstari huo mmoja wa kuzurura na kuviacha vingine vyote mahali pake. Kifungu cha 153 ndicho kitakachohitaji wabunge, na hapo kazi ni kukiandika upya kimlenge anayelazimisha, anayetisha na anayenyang'anya, kimwache mtoto anayesomeshwa.