"Zote si ni ChatGPT?" Tunayoyaamini kuhusu ushindani wa chatiboti, na hali ilivyo

Steshenari yangu iko Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Nilipoifungua, kazi ilikuwa kuprinti, kutoa kopi na kuwajazia vijana maombi ya mkopo. Siku hizi mtu anaingia, hata hajaketi, anasema: "Dada, hebu niulizie kwenye ChatGPT." Anataka barua ya kuomba kazi, au dawa ya ukungu wa zabibu, au maelezo ya mkataba wa kiwanja ulioandikwa kwa Kiingereza. Ninawahudumia, ni riziki yangu. Ila katika kuwaulizia nimeona tunaamini mambo mengi yasiyo kweli kuhusu chatiboti, yaani programu kama ChatGPT zinazojibu maswali yetu, na kuhusu kampuni zake zinazotugombania, na tunayalipia kwa fedha, kwa muda na kwa siri zetu.

"Zote ni ChatGPT, majina tu ndiyo tofauti"

ChatGPT ya kampuni ya OpenAI ilitoka tarehe 30 Novemba 2022. Kwa kuwa ndiyo iliyotangulia masikioni mwetu, jina lake limekuwa kama Colgate kwa dawa ya meno: mtu anaomba Colgate, anapewa nyingine, anaondoka ameridhika. Lakini Gemini ni ya Google, na ilianza mwaka 2023 kwa jina la Bard. Claude ni ya Anthropic, Grok ni ya xAI, Meta AI ni ya Meta, wenye WhatsApp na Facebook, DeepSeek inatoka China. Kila kampuni imeunda mtambo wake, yaani akili bandia inayotunga majibu, ndiyo maana swali moja laweza kupata majibu mawili.

Upande wa pili wa jambo hili watu hawausikii kabisa: si kila jina jipya ni mshindani mpya. Copilot ya Microsoft imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya mitambo ya OpenAI. Google inashindana na Anthropic, na wakati huohuo ina hisa ndani yake. Amazon nayo, kufikia Novemba 2024, ilikuwa imeahidi kuwekeza humo dola bilioni 8. Halafu kuna programu ndogondogo zenye majina na nembo za kufananafanana. Hizo hupokea swali lako, hulipeleka kwenye mtambo wa kampuni nyingine, na kukutoza fedha kwa kazi ya kulibeba tu. Mwanafunzi mmoja alikuja akilalamika kuwa anakatwa hela kila wiki. Tulipoangalia simu yake tukakuta programu ya namna hiyo. Kitu alichokuwa akikilipia kilikuwa kinapatikana bure kwa kampuni yenye mtambo.

"Ni bure kwa sababu haiwagharimu kitu"

Inawagharimu, tena sana. Kila jibu linapikwa kwenye kompyuta kubwa zenye chipu za bei mbaya, zinazokula umeme mchana na usiku na kuhitaji kupoozwa. Sehemu kubwa ya gharama hiyo kwa sasa inabebwa na wawekezaji. Microsoft peke yake iliweka dola bilioni 1 kwa OpenAI mwaka 2019, na baadaye ikaongeza mabilioni mengine.

Hapa ushindani umetusaidia kweli, na nisingependa mtu aondoke akidhani nasema vinginevyo. Tarehe 20 Januari 2025 DeepSeek ilitoa mtambo wake wa R1, ambao hulifikiria swali hatua kwa hatua kabla ya kujibu, bila malipo kwa mtumiaji. Wiki moja baadaye, Januari 27, thamani ya kampuni ya chipu ya Nvidia ilishuka kwa karibu dola bilioni 600 kwa siku moja, wawekezaji wakihofia kwamba chipu zake hazitahitajika sana kama walivyodhani. Januari 31 OpenAI nayo ikawafungulia watumiaji wa bure mtambo wake wa aina hiyo, o3-mini. Siku 11 tu. Kijana aliyeketi hapa kwangu akisumbuka na hesabu za takwimu alipata mwezi ule kitu ambacho mwezi uliotangulia kilikuwa cha wenye kulipia.

Sasa tazama bei ya kulipia. ChatGPT Plus ilianza Februari 2023 kwa dola 20 kwa mwezi. Google na Anthropic zilipokuja na huduma zao za kawaida za kulipia, nazo zikasimama kwenye dola 20 hivi. Hiyo kwetu ni karibu shilingi 50,000, na kuna mwanafunzi hapa Ng'ong'ona ambaye hiyo ni kodi ya chumba. Ushindani umepanua sehemu ya bure, lakini bei hiyo haujaigusa.

Vifurushi vya bei ya chini vilianzia kule walikotaka kuteka soko. India ilipewa kifurushi cha ChatGPT Go kwa rupia 399 kwa mwezi Agosti 2025, na kuanzia Novemba 4 wakapewa bure kwa mwaka mzima. Julai mwaka huohuo Airtel ya India iliwapa wateja wake wapatao milioni 360 Perplexity Pro, toleo la kulipia la chatiboti nyingine, bure kwa mwaka. Mteja wangu mmoja mwenye laini ya Airtel aliiona habari hiyo kwenye simu, akaja nimwashie. Ikabidi nimweleze kwamba ofa ile ilikuwa ya India, na kwamba hata huko mwaka una mwisho. Mtu akishazoea, kazi zake zote zimo humo, ndipo anaulizwa atalipa au la.

"Hii nimeichagua mwenyewe"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kiini kilipo.

Mkulima wa zabibu wa Mpunguzi au Hombolo anaujua ushindani kuliko mtaalamu yeyote. Bei nzuri anaipata siku ambayo wanunuzi wawili wamesimama shambani na zabibu bado ziko mtini. Zikishakatwa, zikakaa kwenye kreti juani, mnunuzi anajua huna pa kwenda nazo, na bei anaipanga yeye. Wanunuzi wanaweza kuwa kumi mjini, hawakusaidii kitu kama huwezi kumfikia wa pili kabla zabibu hazijaoza.

Na sisi ndivyo tulivyo na chatiboti. Wengi wanaoniambia wamechagua hawakuchagua. Walinunua simu ya Android wakaikuta Gemini, au walifungua WhatsApp siku moja wakaliona duara la Meta AI limekaa pale. Aliyekaa karibu na kidole ndiye aliyeshinda, hata kama wa mbali ni bora.

Kwa muda fulani WhatsApp yenyewe ilikuwa na mlango wa wengine. Desemba 2024 OpenAI iliweka namba ya ChatGPT ambayo mtu aliweza kuchati nayo kama anavyochati na ndugu yake. Kwa mwenye simu iliyojaa, asiye na nafasi ya programu nyingine na anayejiunga bando la WhatsApp tu, hiyo ilikuwa nafuu kubwa. OpenAI ilisema zaidi ya watu milioni 50 waliitumia. Oktoba 2025 Meta ikabadilisha masharti ya WhatsApp ya biashara: kuanzia 15 Januari 2026 chatiboti za jumla za kampuni nyingine zisingeruhusiwa. ChatGPT ikaondoka, Copilot ikaondoka, Meta AI ikabaki. Meta ilijitetea kwamba mfumo ule ulijengwa kwa ajili ya biashara kuwahudumia wateja wao, na chatiboti zilikuwa zinaulemea. Mamlaka ya ushindani ya Italia haikuridhika. Desemba 2025 iliiamuru Meta isimamishe masharti hayo nchini humo, na mwezi huohuo Tume ya Ulaya ikafungua uchunguzi wake.

Nasi tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kampuni yenye nguvu kubwa sokoni kuitumia vibaya nguvu hiyo, na tuna Tume ya Ushindani yenye kazi ya kumlinda mlaji. Ningefurahi sana kuisikia ikilizungumza jambo hili kwa Kiswahili chepesi, redioni, kwa sababu kwa watu wengi ninaowahudumia WhatsApp ndiyo intaneti yenyewe. Mlango ukifungwa pale, kwao soko limefungwa.

"Wakishindana, majibu yanakuwa ya kweli zaidi"

Wanashindana kutoa mapema na kupendwa. Ukweli unasaidiwa na hayo mara nyingine, na mara nyingine unaumizwa. Februari 2023 Google iliharakisha kumtangaza Bard, na tangazo lenyewe likawa na kosa kuhusu darubini ya James Webb. Thamani ya kampuni mama, Alphabet, ikashuka kwa dola bilioni 100 hivi kwa siku moja. Aprili 2025 OpenAI ililazimika kurudisha nyuma maboresho ya ChatGPT ndani ya siku chache, kwa sababu yaliifanya iwasifie watu kupita kiasi na kukubaliana na kila wanachosema. Mtu anarudi kwa anayemsifia, na kampuni inayohesabu wanaorudi huweza kuteleza hapo bila kukusudia ubaya.

Mzee mmoja mkulima alinijia: "Mwanangu, iulize, mizabibu nipogoe lini?" Nikauliza kwa Kiswahili. Jibu likaja limepangika vizuri: pogoa wakati wa baridi kali, mizabibu ikiwa imelala, kati ya Desemba na Februari. Mzee akanitazama. Desemba Dodoma ni mvua, na mizabibu yetu hailali. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, na kupogoa kunafuata mavuno. Nikafungua chatiboti ya kampuni nyingine, mshindani kabisa. Ikasema yaleyale, kwa Kiswahili kitamu zaidi. Nilipoandika kwamba tuko Dodoma na tunavuna mara mbili, zote zikaomba radhi na kubadilisha jibu.

Siku hiyo niliacha kuamini kwamba wawili wakikubaliana basi ni kweli. Ni washindani, lakini wamesomeshwa maandishi yanayofanana, mengi ya Kiingereza, ya nchi zenye theluji. Mzee nilimwambia aende kwa watafiti wa zabibu Makutupora, nauli ya daladala si kubwa kuliko hasara ya shamba zima. Na ukitaka kujua ipi inakufaa, usitazame matangazo ya nani kashinda mtihani gani. Iulize jambo unalolijua tayari vizuri, la kwenu, kwa Kiswahili chako.

"Ya kulipia haikosei"

Inakosea. Unacholipia zaidi ni mtambo wenye nguvu na nafasi ya kuuliza mara nyingi.

"Nikiifuta kwenye simu, nimeondoka na vyangu"

Kuifuta programu hakufuti akaunti. Kwa kawaida mazungumzo yako yanabaki kwa kampuni mpaka uyafute mwenyewe au uifunge akaunti. Kabla ya kuhama unaweza kuomba nakala: ChatGPT ina sehemu ya kupakua data zako kwenye mipangilio, na Google pia inayo huduma ya kupakua. Humohumo kwenye mipangilio kuna swichi inayoamua kama mazungumzo yako yatatumika kuufundisha mtambo. Iangalie hata kama uliwahi kuiangalia, kwa sababu masharti hubadilika. Anthropic, kwa mfano, ilibadilisha yake Agosti 2025, na watumiaji wa kawaida wakatakiwa kuamua kama wanakubali.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinafanywa nini na kuomba zirekebishwe au zifutwe. Lakini sheria haiwezi kumkinga anayeacha akaunti wazi kwenye kompyuta ya steshenari. Wiki iliyopita niliikuta ya binti mmoja, ameiuliza mambo ya afya yake ambayo hata mama yake sidhani kama anayajua. Sikusoma zaidi ya mstari wa kwanza. Niliitoa, nikafuta kumbukumbu za kivinjari, na sasa kila anayeinuka kitini namuuliza kwa jina kama ametoka kwenye akaunti yake.