Kuhifadhi kidijitali kwa muda mrefu: maana yake ni nini?

Shangazi alinitolea flashi kwenye kijaluba, kaifunga kitambaa pamoja na vipini vyake vya dhahabu. Ndani mna harusi ya bintiye ya mwaka 2014. Ncha imeshaota kutu ya kijani. Nikaipangusa kwa spiriti, nikaichomeka. Picha kadhaa zikafunguka, video zote zikakataa.

"Imeharibika vipi, mwanangu, na mie tangu siku ile sijaigusa?"

Kwa flashi, kutoguswa ndiyo maradhi yenyewe. Na hapo ndipo kuweka na kuhifadhi vinapoachana. Kuweka ni kutia faili mahali ukaondoka. Kuhifadhi kidijitali kwa muda mrefu ni kazi ya kuhakikisha faili lile litasomeka baada ya miaka ishirini au hamsini, hata kifaa lililomo kikifa njiani. Na kitakufa, hilo lihesabu mapema.

Flashi, memori kadi na SSD, diski za kompyuta zisizo na sahani inayozunguka, ni ndugu. Zote hufungia umeme kidogo ndani ya vijumba vidogo mno, na umeme huo huvuja polepole, joto likiuhimiza. Kiwango cha JEDEC, jumuiya inayoweka viwango vya vifaa vya elektroniki, kinaitaka SSD ya kawaida iliyokwisha tumika hadi ukomo wake ishike data mwaka 1 tu bila kuchomekwa, kwenye nyuzi 30. Iliyo mpya hushika zaidi sana. Lakini nyuzi 30 kwetu ni mchana wowote wa kaskazi. Halafu kuna flashi za bandia: imeandikwa 1TB, ndani haifiki hata robo, ikijaa inaandika juu ya vya zamani kimyakimya. Bei ikikufurahisha mno, ijaze mpaka pomoni kisha usome vyote tena kabla hujaiamini.

Kwa nyumbani mimi naitetea hadi diski (hard disk). Huandika kwa sumaku juu ya sahani zinazozunguka, kwa hiyo haivuji upesi. Ubovu wake uko kwenye viungo: ikianguka huku inazunguka, kichwa hukwaruza sahani, ikilala miaka, huenda isizunguke tena. Ihesabie miaka mitano, kisha hamia nyingine. Hewa yetu ya chumvi hula plagi na bodi yake, basi itie kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vipakti vya kunyonya unyevu. Vipakti vipya, lakini. Vile vilivyokuja na viatu mwaka juzi vimeshashiba. Na usiiache imechomekwa usiku kucha. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, unajua mwenyewe.

Taasisi kubwa hutumia kanda za sumaku ziitwazo LTO, zinazokadiriwa kudumu hadi miaka 30 zikikaa pakavu na pabaridi. Mashine yake ni ghali, na ya kizazi cha nane (LTO-8) haisomi kanda ya kizazi cha sita (LTO-6). Kanda nzima bila mashine ya kuisoma, umehifadhi plastiki.

Santuri alizorekodi Siti binti Saad Bombay mwaka 1928 zinaweza kuimba hadi leo, na mikwaruzo yake. Faili halina huruma hiyo: video ikipoteza kipande kidogo tu, pengine isifunguke kabisa. Ndiyo maana wenye kazi hii husema nakala tatu, aina mbili za kifaa, na moja ikae mbali. Mbali si chumba cha pili. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, Unguja, iliporomoka, jumba la mwaka 1883; nani alidhani?

Na utajuaje kuwa nakala haijaoza? Kuna programu zinazokokotoa alama ya faili, kama SHA-256, mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ikibadilika biti moja ndani ya faili, yaani 0 moja tu ikawa 1, alama yote inakuwa nyengine. Unaiandika leo, unailinganisha kesho.

Video za shangazi tulizipata kwenye kompyuta ya zamani ya mkwewe. Sasa ziko kwenye hadi diski mbili za kampuni tofauti, moja kaichukua mwanawe Wete, na nakala ya tatu iko mtandaoni. Ya shangazi inachomekwa na kukaguliwa Mfunguo Sita, Maulidi yakisomwa, na tena Ramadhani. Miezi sita baina yake, na yeye hasahau hata mmoja.